Mara Mbili Nyuma ya Kiti

Shemeji yangu Xaveri, mume wa dada Romana, alikuwa mtu wa kuosha lori kabla ya kuosha uso wake. Lilikuwa lori la jeshi, magurudumu kumi, la kupita kwenye tope ambamo trekta lingekwama. Alikwenda nalo vitani Uganda, akarudi nalo. Enzi za ruksa zilipofika, jeshi likauza magari yake machakavu, na Leonadi, mnunuzi wa ufuta pale Somanga, akapata moja. Akalipaka buluu, akamwajiri Xaveri. Xaveri alipofungua mlango akakuta kiraka alichokichomelea kwa mkono wake mwenyewe. Lilikuwa lilelile. Hakufurahi.

Jeshini dereva haondoki mpaka askari wa nyuma wagonge bati la nyuma ya kiti chake mara mbili, kwamba wote wamepanda. Xaveri hakuiacha desturi hiyo. Abiria wa Leonadi walimcheka, wakamwita Afande Subiri, lakini waligonga.

Dada Romana alitaka aache udereva, wahamie Kitomanga wakalime. Kila mwaka ahadi, kila mwaka lori. Nikasema nitamsema mimi, maana dada yangu ni mpole mpaka anaudhi.

Basi asubuhi moja nikapanda naye, tunakwenda Tingi kuchukua ufuta. Nyuma kulikuwa kutupu. Turubai nililikunja mimi mwenyewe. Akawasha injini, akatulia, mikono kwenye usukani.

"Shemeji, unamngoja nani? Nyuma hakuna hata kuku."

Bati likagongwa mara mbili, usawa wa kisogo changu. Xaveri akaingiza gia.

Nikageuka kuchungulia nyuma: turubai tu, limekunjwa. Tulipokaribia Tingi ndipo aliponieleza, bila kunitazama, kwamba kule vitani askari tisa walishuka kulisukuma lori kwenye tope. Liliponasuka tu, risasi zikaanza, naye akaondoka bila kungoja kugongewa. Hakuwaona tena.

"Siwezi kuliacha gari mpaka washuke wenyewe," akasema.

Masika yaliyofuata, lori likiwa tupu uani kwa Leonadi, aliwasha injini, akangoja. Akangoja mpaka Leonadi akatoka dukani kumtukana. Bati kimya. Xaveri akazima, akamkabidhi ufunguo, akasema, "Wameshuka," akaenda nyumbani kwa miguu huku akicheka peke yake. Juma lilelile wakahamia Kitomanga. Romana akajishonea gauni jipya.

Niliwatembelea wakati wa kupalilia. Tulipomaliza uji, sisi watatu tu nyumbani, Romana akafunga chumba cha ndani kwa kufuli, akatangulia shambani. Xaveri akachukua jembe, akasimama mlangoni, hatoki. Nikamuuliza anangoja nini.

Mlango wa chumba cha ndani ukagongwa mara mbili, taratibu, na shemeji yangu akatoka kwenda kulima.