Siku Niliyomvusha Ndugu Yangu

Mama alitaka mambo mawili tu: ndugu yangu azikwe kabla yeye mwenyewe hajafa, na aingie nchini kwa kupitia geti la mpakani.

La kwanza lilikuwa gumu kwa sababu hatukuwa na maiti. Ndugu yangu alikuwa mwanajeshi wa Uganda. Alipelekwa na wenzake kupigana nje, nchi jirani, na baada ya miezi ya simu kulia bila kupokelewa, akaja mtu kutoka kambini kutuambia kwamba hajulikani alipo. Tukamuuliza, amekufa? Hajulikani alipo. Ametekwa? Hajulikani alipo. Alikunywa chai yetu, akaondoka.

Mwaka ukapita, ukaja mwingine. Mimi nilishinda na redio sikioni nikifuata habari za mazungumzo, nani amekutana na nani, hoteli gani, kama watabadilishana mateka. Kila waliposhikana mikono nilimwambia Mama, "Sasa." Nadhani nilimchosha kuliko ugonjwa.

Mama alikuwa Mjaluo wa Ugenya, upande wa Kenya, aliyeolewa kwetu Iyolwa, upande wa Uganda. Kwao, mtu akipotelea majini au vitani na mwili usipatikane, huchumwa yago, lile tunda refu kama mkono wa mtu mzima, zito, lisiloliwa, likazikwa mahali pake. Likishazikwa, mambo yamekwisha. Hata mwenyewe akirudi siku moja akiwa hai, kaburi lake lipo, na hakuna ajuaye amwingizeje nyumbani. Ndiyo maana nilikataa, nikakataa tena, mpaka Mama alipoacha kula.

"Wewe una miaka ya kumngoja," aliniambia. "Mimi sina."

Nikakubali. Lakini la pili lilinishangaza. Mimi niliacha shule darasa la sita, na tangu hapo nimebeba mizigo Malaba, nimechoma matofali Mulanda, nimeuza mayai Busia, na katika miaka yote hiyo sikumbuki kupita getini hata mara moja nikiwa na mzigo. Njia za panya ndizo barabara zangu. Dakika tano tu, uko ng'ambo. Nilimwambia hivyo.

"Alitoka nchi hii na sare na bendera," Mama akasema. "Hatarudi kama gunia la sukari."

Mti aliotaka ulikuwa nyuma ya nyumba ya bibi yetu, kule Ugenya, ambapo ndugu yangu alilelewa utotoni. Mjomba alipanda mwenyewe akalikata tunda, akalifunga kwa shuka jeupe. Nikapanda pikipiki nalo mapajani hadi Busia.

Njiani nilikumbuka mabishano yetu. Ndugu yangu aliamini kwamba jirani hukuheshimu akikuogopa. Mimi nilimwambia aje aone pale Busia, ofisa wa Kenya na ofisa wa Uganda wanakaa meza moja, wanapitisha malori, hakuna anayemfyatulia mwenzake risasi. Alicheka hadi akakohoa.

"Meza! Haya, profesa wa darasa la sita, na hiyo meza anailinda nani?"

Nikamwambia anitolee harufu ya buti zake.

Basi nilifika kwenye meza yenyewe. Ofisa wa Uganda alifunua shuka kwa ncha ya kalamu.

"Hii kitu ni nini?"

"Yago, ssebo. Tunda."

"Cheti ya afya ya mimea iko wapi?"

"Si la kula. Ni la kuzika."

Mwenzake wa Kenya, mama wa makamo aliyekaa kando yake, aliliona akasimama. "Pole sana, kaka. Ni nani?"

"Ndugu yangu. Mwanajeshi."

Akamgeukia mwenzake. "Boss, huyu amebeba maiti. Kwetu hii ni maiti kabisa."

"Sawa. Kama ni maiti, cheti ya kifo iko wapi?"

"Hakuna," nikasema. "Wanasema hajulikani alipo."

"Basi si maiti. Ni tunda. Na tunda lazima cheti."

"Na nani atampa cheti?" yule mama akauliza. "Hakuna mtu huuza yago, boss. Hata kwa orodha haiko."

Hawakuwa watu wabaya. Walinipa kiti, wakanipa maji. Walipigia wakubwa wao simu, na wakubwa wakapigiana wao kwa wao. Saa tatu nzima niliwasikiliza wakizungumza kwa heshima, na mwisho wakakubaliana kwamba jambo hilo linahitaji kikao. Nirudi Jumatatu. Bunduki aliyokwenda nayo ndugu yangu ilivuka mpaka. Sijui ni meza gani iliyoiuliza cheti.

Nyumbani kaburi lilikuwa limechimbwa tangu asubuhi, na kaburi haliachwi lilale tupu. Mama alikuwa ametolewa nje, amelazwa juu ya mkeka kando yake. Nikalibeba tunda begani, nikarudi nyuma kama ninayerudi Ugenya, nikakata kushoto kwenye mahindi.

Upande wa pili, wa Uganda, alikuwapo askari wa jeshi. Akaligusa shuka kwa mtutu.

"Umebeba bomu?" Akacheka.

"Hapana, afande. Ni ndugu yangu." Nikamweleza, nikataja kikosi cha ndugu yangu.

Kicheko kikamkauka. Alitazama kwenye mahindi, kisha akasogea pembeni.

"Pita. Mimi sikukuona."

Niliondoka na hasira, kwa sababu nilijua ndugu yangu angecheka mpaka akohoe. Meza ilishindwa. Mtu mwenye bunduki ndiye aliyenipitisha.

Mama alipapasa shuka kabla hajaniuliza kitu.

"Mmepita wapi?"

"Getini, Mama."

"Walisemaje?"

"Walisimama. Wa Kenya na wa Uganda."

"Wakapiga saluti?"

"Wakapiga."

Alifumba macho. "Kumbe wakitaka wanaweza," akasema. Jioni hiyo alikunywa uji, bakuli zima. Wiki ya tatu tukamzika kando ya tunda, naye hakujua kwamba hatukupita getini.

Juzi redio ilisema mazungumzo yameanza tena. Wameshikana mikono, na safari hii wanasoma majina ya mateka watakaoachiwa, machache kila siku. Zamani nilikuwa nikiomba jina lake litajwe. Sasa nasikiliza huku mkono uko kwenye kitufe cha kuzima redio. Akiwa hai, atapita getini na karatasi zake zote, watampigia saluti ya kweli, na mimi ndiye nitakayempeleka hadi uani kumwonyesha kaburi lake.