Nilivyokusanya chenji kwa app nikakosa bomba la kupulizia nyanya

Saa 1:17 asubuhi, Jumatatu, kwenye genge la Mama Nai hapa Engutoto, simu yangu ilinipa hongera. Nilikuwa nimelipia nyanya za 700, app ikachota 300 kwenda akiba.

Wakuu, heshima kwenu. Haya nimeyatoa kwenye meseji za miamala, siyo kichwani.

Ukilipa kwa simu, app inajaza hadi elfu inayofuata, na kijazo ndiyo akiba yako.

Nilihitaji bomba la kupulizia dawa, 65,000, kwa robo eka yangu ya nyanya kule Akheri. Mshahara ulikuwa wa ada za watoto. Nikaona chenji italinunua kabla kantangaze, yule mdudu wa nyanya, hajaingia.

Sasa mimi ni mtu wa mahesabu (nimejisomea mwenyewe). Nikagundua nikilipia kila kitu peke yake, vijazo vinaongezeka. Nyanya peke yake. Kitunguu peke yake. Hoho la 200, akiba 800.

Nilijiona fundi.

Mama Nai alivumilia wiki mbili. Jumatatu hiyo akaniuliza mbele ya wateja, "Baba Upendo, mbona kila hoho unalifungia harusi yake?"

Watu wakacheka. Nikaanza kumfundisha nidhamu ya fedha. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Ulipokuwa unalipa taslimu, chenji ikikosekana nilikuwa nakuongezea. Sasa nikuongezee kwa lipi? Umenilipa kamili."

Kweli. Nyanya mbili hapa, fungu la mchicha pale. Yote nilikuwa nimeyaacha, na nikaendelea kuyaacha kwa sababu simu ilikuwa inanisifu.

Mwezi wa tatu wa kuweka akiba, kantangaze akalitangulia bomba. Majani yakakauka kama karatasi. Nilivuna matenga mawili. Nilitegemea kumi na moja.

Ndipo nikafungua akiba: 46,200. Nikarudi kwenye meseji. Kila hoho lilikatwa mara mbili, kulipa na kuhamisha: 31,400. Ada ya app: 9,000. Kutoa: 2,500.

Hayo makato yangebaki kwangu, bomba lingepatikana na hela ya dawa juu.

Nilichojifunza: akiba ni kile ulichoacha kutumia. App haikunifanya niache kutumia chochote. Ilihamisha hela yangu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, ikanitoza nauli.

Siku hizi nalipa taslimu.

Mnaozisifia hizi app, karibuni hapa chini, ila njooni na makato yenu, siyo picha za hongera. Yangu, bila kuhesabu nyanya: hasara 42,900.