Mpini wa Kimo cha Somoe

Jirani yangu hapa Gongo la Mboto anachoma korosho uani kwake, na moshi wa korosho hauna adabu: unaingia bila hodi, unawasha macho, unakaa kwenye nguo mpaka ufue mara mbili. Kila akiwasha moto mie nafunga madirisha. Watu wanadhani naringa. Siringi. Moshi ule unanirudisha likizo ya Desemba, mwaka niliomaliza darasa la nne, tulipotoka Mbagala kwenda Newala kumsalimia bibi.

Tulikwenda wanne: baba, mama, mie na mdogo wangu. Mdogo wangu alipewa jina la bibi mzaa baba, Fatuma, ndiyo maana nyumbani hakuna aliyemwita Fatuma. Tulimwita Somoe, kama watu wa kusini wanavyowaita watoto waliobeba jina la mkubwa. Nilimwonea wivu kwa hilo. Bibi akituma salamu alimtaja yeye kwanza: "Somo yangu hajambo?" Mie nilikuwa "na mwenzake."

Hata begi alipewa lake peke yake. Nikachungulia, nikakuta sare ya shule imekunjwa chini kabisa: shati jeupe na sketi ya bluu, zile zile zinazovaliwa shule za serikali nchi nzima. Nikacheka.

"Mama, sare ya nini? Si tunaenda likizo?"

Mama alikuwa anamsuka Somoe, baba kasimama mlangoni. Mama hakugeuka. "Huko vumbi jingi. Nguo nyingine zikichafuka atavaa hiyo."

Nikaridhika. Mtoto ukimpa jibu anaridhika, hata liwe la kipuuzi.

Nisiwadanganye, siku za kwanza zilikuwa tamu. Asubuhi ukungu, udongo mwekundu unanata miguuni, mabibo yaliyooza chini ya mikorosho yananuka kama pombe. Tulichoma korosho juu ya kipande cha bati. Somoe akang'ata moja kabla haijabanguliwa, utomvu ukamchoma, midomo ikavimba. Bibi alicheka mpaka akashika kiuno. "Somo yangu, mdomo huo nani atauoa?"

Bibi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na goti lililokataa kukunjika na shamba lisilosubiri. Alipendaga kusema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe." Basi siku ya tatu niliamka mapema, nikasimama mlangoni nikisubiri la kwangu. Bibi akatoa jembe moja tu, dogo, mpini wake umekatwa ukamfika Somoe kifuani sawasawa, umelainishwa kwa kipande cha chupa. Akampa.

"Na mie, bibi?"

"Wewe kaa, mjukuu wangu. Wewe mgeni."

Nililia. Nililia kwa sababu nimenyimwa jembe, nyie, mnaelewa? Mpini ule ulikatwa kabla hatujafika. Kuna mtu alikuwa ameshapeleka habari za kimo chake, na mie nalia wivu.

Siku ya kuondoka Somoe alitumwa kwa jirani kuomba kaa la moto. Aliporudi, sie tulikuwa tumeshaondoka. Baba alisema Somoe atatufuata. Mama alitazama dirishani safari nzima, khanga mdomoni.

Hakutufuata. Sare ile ilimtosha mpaka darasa la nne, na shule ikaishia hapo. Nilikuja kumwona kwenye msiba wa baba, mwanamke mzima. Alikaa mkekani na majirani, akanishika mkono kwa adabu zote: "Shikamoo dada. Poleni, wenye nyumba." Wenye nyumba. Mdogo wangu wa tumbo moja.

Tangu siku ile nilimchukia mama, simfichi mtu. Sikumuuliza kitu, nilimhukumu kimya kimya kwa begi lile.

Binti yangu Zuhura amebeba jina la mama mkwe, aliyeko Masasi. Mume wangu aliomba, nikaona ni heshima, nikakubali, mjinga mie. Mwezi huu simu zimeanza: "Somo yangu aje likizo anisalimie." Mume wangu anasema, "Wiki chache tu, mama Zuhura. Unakuza mambo." Leo asubuhi nimerudi sokoni nikakuta begi la mtoto lipo tayari, amelipanga mume wangu. Zuhura akachungulia, akacheka.

"Mama, baba kaweka na sare. Si naenda likizo?"

Nikafungua kinywa. Mume wangu alikuwa mlangoni ananitazama, na jibu lililonijia ulimini lilikuwa lile la vumbi. Ndipo nikajua kwamba lile begi la Somoe hakulipanga mama.

Sikulitamka jibu lile. Nilichukua sare nikaitumbukiza kwenye beseni la maji ya sabuni, mbele ya macho ya mume wangu. Sare mbichi haipangwi begini. Hakugomba. Alisema tu, "Basi la Masasi ni kesho alfajiri," akatoka.

Nimeianika uani, moshi wa korosho unaipitia. Na jua la huku nalijua. Kabla ya alasiri itakuwa imekauka.