Siku Niliyopuliza Baragumu la Baba Mkwe

Kuna watu huku milimani hawanisalimii tena kama binadamu wengine, wakiniona tu wanauliza, "Mama Eliya, leo kuna kazi?" halafu wanacheka mpaka wanashika mbavu, na siwalaumu, maana aibu ile niliitafuta mwenyewe mchana kweupe. Acheni niwasimulie vizuri, kwa sababu habari inayozunguka gulioni Hedaru imetiwa chumvi (eti nilimkimbiza afisa hadi barabara ya lami, uongo mtupu, nilimkimbiza mpaka kwenye kona tu).

Mimi ni katibu wa kikundi cha mazingira cha kitongoji chetu, huku juu njia ya Vudee. Ulikuwa umeletwa mpango mpya wa matumizi ya ardhi, na kwenye ramani yake pale ilipo ndiva yetu, yaani bwawa la kienyeji linalokusanya maji ya kijito usiku ili asubuhi yafunguliwe kwenda kwenye mahindi na maharage, palikuwa pameandikwa "eneo la wazi", na mtu mmoja mwenye mitambo ya kokoto alishaanza kulimezea mate. Wataalamu wangekuja Alhamisi kusikiliza maoni, na mwenyekiti alituambia waziwazi kwamba wasipokuta watu, mpango unapita kama ulivyo. Ndiva ikienda, mashamba yote ya chini yanabaki kungoja mvua, na la kwangu likiwemo.

Sasa watu wetu ukiwaitia mkutano watakuja watano, na watatu ni wa kikundi. Lakini msaragambo! Likilia baragumu la kazi ya pamoja hakuna anayebaki nyumbani, kwa sababu asiyefika anatozwa jogoo, na jogoo huyo analiwa mbele ya macho yake. Nikajisemea, unahangaika na matangazo ya nini? Baragumu lenyewe analitunza baba mkwe wangu juu ya kabati, na Alhamisi hiyo asubuhi alikuwa ameshuka Same kutibiwa macho. Nikalichukua. (Nilipanga kumwambia akirudi, na kweli aliambiwa, ila si na mimi.)

Mara ya kwanza lilitoa sauti ya ng'ombe anayeumwa tumbo, lakini nilipokaza mashavu lilisikika hadi ng'ambo ya bonde, nikajiona mjanja kweli.

Watu walikuja, jamani. Walikuja kutoka kila upande, na kila mmoja alikuja na kile anachokuja nacho kwenye msaragambo, yaani jembe, panga, sururu, fyekeo. Hilo sikuwa nimelifikiria hata kidogo, kichwani mwangu niliona umati, sikuona vifaa. Mkono mmoja nilishika bango la kikundi chetu, na jirani yangu Nakijwa akanipa panga lake nimshikie afunge kitenge vizuri, na hapo hapo gari la wataalamu likachomoza.

Hebu jiweke wewe ndani ya lile gari. Umetumwa kusikiliza maoni, unakata kona, unakuta kijiji kizima kimejaa barabarani na mapanga, na mbele yao mwanamke anapunga la kwake akipiga kelele, "Karibuni! Karibuni sana!" Dereva hakuuliza. Alirudi kinyumenyume mpaka penye nafasi ya kugeuzia, nami nikamfuata mbio nikiita, "Msiondoke, tunawahitaji!" na kadiri nilivyopunga ndivyo alivyokanyaga mafuta, mpaka ndala ikakatika nikaenda chini kwa magoti, panga bado mkononi.

Nikarudi nachechemea. Nakijwa akalipokea panga lake kwanza.

"Haya, wageni umewafukuza. Kazi iko wapi?"

"Kazi gani tena, shoga? Niliwaita tutoe maoni."

"Umepuliza baragumu tuje kuongea?"

"Basi jogoo atoe yeye!" mzee mmoja akadakia, na wote wakaitikia. (Jogoo wangu ni mmoja, na nampenda.)

Nikaangaza macho huku na huku nikitafuta pa kujificha, yakatua kwenye ndiva pale kando ya barabara, na kwa mara ya kwanza nikaiona kama alivyoiona mchora ramani. Majani yalifika kiunoni, tope limejaa, maji yamebaki kidimbwi pembeni, mbuzi wamelala katikati. Misimu kadhaa hatukuwa tumezoa tope lake, kila mtu akimngoja mwenzake, na kikundi chetu kilikalia vikao vya kuitetea bila kuingiza humo hata jembe moja. Hapo niliona aibu kuliko ile ya gari.

"Kazi ndiyo ile," nikasema.

Walinung'unika, lakini waliingia, na mtu wetu akishaingia kwenye tope hasemi tena. Mchana difenda la polisi likapanda, gari la wataalamu likiwa nyuma yake.

"Nani kaongoza fujo hizi?" askari akauliza.

Vidole vyote vikanielekea. Nilikuwa nimekunja kitenge juu ya magoti, tope mpaka mapajani, na ni nani anashuka kwenye gari la wataalamu? Baba mkwe! Walimpa lifti walipokwenda kuita polisi, wakamsimulia yote.

"Shikamoo Baba," nikasema, nikikishusha kitenge ndani ya tope.

"Marahaba. Baragumu langu liko wapi?" Kisha akamgeukia askari. "Afande, si nilikwambia? Hii ni kazi, si vita."

Afisa ardhi, binti mdogo tu, alisimama ukingoni akitazama maji yaliyokwisha kuanza kukusanyika. "Lakini hapa si ndipo tulipoandika eneo la wazi?" Hotuba niliyoikariri wiki nzima ikapotea yote. Haikuhitajika, kila mtu alisimama palepale na jembe lake akaeleza maji yanafika shamba lipi, wakakatizana, na yule binti akaandika.

Ramani iliporudi ilikuwa na alama ndogo ya buluu, imeandikwa "ndiva". Mwenye kokoto bado anazungukazunguka, kwa hiyo hatulali. Lakini asubuhi maji yalipofika kwenye maharage yangu nilikaa mferejini nikalia kwa furaha.

Baragumu sasa linakaa chini ya kitanda cha baba mkwe, na nimeapa sitaligusa maisha yangu yote. Ila likilia, wa kwanza kufika ni mimi, na jembe tu, panga naliacha nyumbani.