Likizo ya Ulaya Tuliyoipanga Kwenye Kibanda cha Simu

Enzi zetu za Xiaobei, ule mtaa wa Waafrika huko Uchina, sisi watu wazima tulikuwa watoto. Msidhani natania. Nilifika Guangzhou nikiwa na mvi kidevuni, mke na watoto watatu nimewaacha Lubumbashi, cheti cha sekondari sandukuni, na siku ya kwanza nilishindwa kuomba maji ya kunywa. Nilionyesha mdomo, nikaletewa maji ya moto. Nilitaka ya baridi, kwa hiyo nikajikumbatia na kutetemeka ili nieleweke. Mwenye mgahawa akanionea huruma, akaniletea mengine ya moto zaidi. Ninyi mliokuwa pale miaka ile ya neema, makontena yakitoka bandari ya Nansha kama mchwa, mnajua ninachosema. Tulijifunza upya kula, kuhesabu na kuvuka barabara.

Mwalimu wetu alikuwa Mzee Ilunga, Mkongo mwenzangu aliyetutangulia wote. Shule yake ilikuwa meza ya mwisho ya mgahawa wa ghorofani, ule uliopika bugali kwa unga uliosafiri ndani ya masanduku ya watu, pamoja na sombe, yaani kisamvu, iliyoganda kama tofali. Alitufundisha kuhesabu kwa vidole vya mkono mmoja kama wanavyofanya wenyeji: sita ni kidole gumba na kidole cha mwisho, nane inakaa kama bastola, kumi ni ngumi. Rafiki yangu Shabani, mtu wa Tanga, hakuhudhuria somo la nane. Siku yake ya kwanza sokoni aliuliza bei ya chaja, muuzaji akamwelekezea ile bastola, naye akainua mikono juu katikati ya duka. Tulimcheka mwaka mzima. Hata Wachina wa duka lile, kila akipita, walimwonyesha nane.

Michezo nayo tulikuwa nayo. Mkubwa kuliko yote ulikuwa mchezo wa kuondoka. Unatajiwa bei, unasema "tai gui le", yaani ghali mno, kisha unageuka na kwenda mlangoni polepole huku ukisikiliza kwa mgongo. Laoban, yaani bosi mwenye duka, akikuita kabla hujatoka nje, umeshinda. Asipokuita, umeshindwa na itabidi uzunguke mtaa mzima ndipo urudi na aibu yako. Mimi nilikuwa bingwa. Na siku nzima, kutoka kila mlango wa mtaa wa Dengfeng, ilisikika ile sauti ya utepe ukifunga katoni, krrr, krrr. Mpaka leo nikisikia mtu anafunga kifurushi, mate yananijaa mdomoni kana kwamba kuna faida inapikwa jirani.

Shabani baadaye alifungua kibanda cha simu pale Dengfeng, na ndipo mke wangu, Mama Furaha, aliponipigia kila Jumapili baada ya misa. Jumapili moja binti yetu mkubwa, Furaha, akiwa darasa la tano, alichukua simu akaniambia kwamba wenzake wanakwenda likizo na baba zao. Hakulalamika. Alinipa habari tu, kama mtu anayekuambia nje kunanyesha. Mimi nilikuwa narudi nyumbani mara moja kwa mwaka, Noeli, nikifuatwa na mzigo, na sikukuu yote niliimaliza boharini nikihesabu mabeseni ya plastiki. Kusema kweli wadogo zake wawili walinijua zaidi kwa sauti. Basi nikajikuta nimetoa ahadi: likizo kubwa ijayo, familia nzima itakutana Ulaya. Mji kidogo, mashamba kidogo. Wote watano pamoja, bila katoni hata moja. Nilisikia watoto wakipiga kelele mpaka Shabani akazisikia bila kushika simu, akanitazama.

Tatizo ni kwamba sikujua likizo ni kitu gani. Tulipokuwa wadogo sisi, shule ikifunga tulipelekwa kwa baba mdogo kulima. Baba yangu alikuwa akisimama mlangoni na majembe mkononi na kusema, "Shule imefunga, sasa shamba limefungua." Tulirudi shuleni tukiwa weusi zaidi na wembamba zaidi, na mwalimu akituandikisha insha juu ya jinsi tulivyopumzika. Mtu aliyelelewa hivyo, ukimwambia akae mahali siku kadhaa bila kufanya lolote, anadhani anaumwa.

Nikaenda kwa wakala wa safari, ofisi ndogo juu ya duka la wigi. Alikuwapo binti mmoja mcheshi aliyejiita Lily.

"Mjini siku ngapi, mashambani siku ngapi?" akaniuliza.

Nikamwomba sampuli. Akanipa picha za milima. Nikamwuliza bei itashuka kiasi gani nikileta na familia ya pili. Akaniuliza kama tunataka hoteli yenye chai ya asubuhi, nami nikataka kujua bila chai ni bei gani, na bila shuka je. Alipotaja jumla, nikasema "tai gui le", nikageuka nikatembea kwa mwendo wangu wa bingwa. Nikafika mlangoni. Kimya. Nikashuka ngazi. Kimya. Nikasimama barabarani kwenye mvua ya Guangzhou, ile isiyojua kuanza taratibu, nikitega sikio. Niliporudi juu nikiwa nimelowa, Lily alikuwa ameshaniwekea taulo kwenye kiti.

"Ndege hazirudi nyuma, laoban," akasema.

Kwa wiki kadhaa safari hiyo ndiyo ilikuwa mazungumzo ya mtaa. Mke wangu alitaka mji. Brussels kwanza, kwa sababu binamu yake yuko huko, kisha mji mmoja mdogo wa Uholanzi alioambiwa una majengo mazuri ya zamani. Mimi nilitaka kijiji fulani cha Ubelgiji chenye ng'ombe.

"Papa Furaha," Shabani aliniuliza, "wewe na ng'ombe mlianza kupendana lini?"

"Hewa safi," nikamjibu.

"Hewa safi iko hata Moshi."

Nikamfunulia, kwa sababu siri ikikaa sana inamchoma mtu. Nyuma ya kile kijiji kulikuwa na uwanja wa malori yaliyotumika, mazuri, bei ya kutupa. Ningewapeleka watoto watazame ng'ombe, halafu mimi nichungulie ng'ambo ya ua. Kuchungulia tu. Shabani alicheka mpaka akashika meza, akaapa kwa jina la mama yake kwamba hatasema.

Jumapili iliyofuata simu ililia nikiwa mlangoni na kikombe cha chai. Akapokea Shabani.

"Shemeji! Habari za Lubumbashi? Naona mambo ni mazuri, hongera kwa malori!"

Nilimpungia mikono. Nilijikata shingo kwa kidole. Mwishowe nilimwonyesha ile nane, labda angeinua mikono na simu ikaanguka. Hakuniona.

"Malori gani, Shabani?"

"Si yale ya jirani na ng'ombe?"

Nikapewa simu kama mtu anayepewa makaa ya moto.

"Papa Furaha," mke wangu akasema taratibu, "kutoka kwenye ng'ombe hadi kwenye malori ni mbali?"

"Ni ua mmoja tu katikati."

Nikasikia kicheko kinaanzia mbali na kuja, kile cha mwanamke aliyeuza vitenge sokoni tangu ujana wake. "Sasa na mimi nikuambie juu ya yale majengo ya zamani. Jengo moja wanauza vitenge vya jumla. Hata binamu yangu ameshaweka neno."

"Mwizi wewe!"

"Padri alifungisha ndoa wezi wawili, baba."

Tulicheka kama vijana. Sikumbuki kama niliwahi kumpenda kuliko dakika ile. Tukaacha kujificha, tukapanga upya palepale kwa furaha, sauti zimepanda: malori lini, vitenge lini, nani atafunga mzigo, nani ataonana na mtu wa bandari. Shabani alinichorea ramani ya Ulaya juu ya katoni, Uholanzi akaiweka chini ya Uhispania. Likizo inayojilipa yenyewe! Nilijiona mwerevu kuliko mtaa mzima.

Kisha Furaha akachukua simu. Kumbe alikuwa amesimama pembeni ya mama yake muda wote.

"Papa, siku yetu ni ipi?"

"Siku gani tena, mama? Safari yote ni yenu."

"Jumatatu malori. Jumanne malori. Jumatano na Alhamisi vitenge. Ijumaa mnafunga mizigo. Jumamosi Papa anaonana na mtu wa bandari. Siku ya kukaa na sisi?"

"Jumapili," nikasema haraka.

"Jumapili ni ndege, Papa."

Shabani, aliyekuwa ametega sikio jirani na simu, aliweka ngumi mdomoni asicheke. Mimi nilicheka waziwazi.

"Basi sisi tubaki kwa bibi," Furaha akasema. "Ninyi mnakwenda kazini."

Hakulia. Angelia, labda ningezinduka. Alisema kwa adabu, kama mtoto anayempisha mgeni kiti, nami nikaisikia kama habari njema: tiketi tatu zimepungua, na watoto hawatachoka na safari. Mama yao aliniuliza, "Una hakika?" Nikasema nina hakika. Nilikuwa na nafasi ya kuyafuta malori na kuacha ng'ombe. Hakuna aliyenishika mkono. Kesho yake nikapanda kwa Lily.

"Watoto hapana?" akauliza, kalamu ikiwa hewani.

"Meiyou," nikamjibu. Hakuna. Ndilo neno tulilojibiwa madukani siku zote mali inapokuwa imekwisha.

Tukaenda. Malori yalikuwa mazuri, vitenge vilipata soko, sitawadanganya. Asubuhi moja pale kijijini, tukinywa chai ya hoteli niliyoilipia mwishowe, kwenye meza ya jirani ilikaa familia yenye watoto wanaogombania siagi, na baba yao akisoma gazeti kana kwamba kelele ile ni redio. Mke wangu aliwatazama, akaacha mkate wake. "Twende tukaone magurudumu," akasema. Tulirudi Lubumbashi na chokoleti na jezi. Furaha akapokea zawadi yake kwa mikono miwili, akapiga goti kidogo, akasema, "Asante, Papa." Nilitegemea anirukie. Kila mwaka baada ya hapo nilisema mwaka ujao, mpaka Furaha akawa na mipango yake mwenyewe ya likizo, na wadogo zake wakamfuata.

Sasa anaishi Ufaransa, ana mume na watoto wawili. Vijana wa siku hizi wanapanga Ulaya nzima kwa kidole gumba, wamelala kwenye kochi, hata hawamjui wakala. Hakuna kuondoka polepole, hakuna kuitwa. Bei imeandikwa, wanabonyeza, basi! Wanasafiri na mfuko mgongoni na kurudi na mfuko uleule, mwepesi vilevile; sisi tungeona aibu kupita forodhani. Chakula wanakipiga picha mpaka kinapoa, kisha wanalalamika kimepoa. Nikiwaambia kwamba sisi tulijua bei kwa vidole vya mkono mmoja, wananitazama kama ninayesimulia habari za Nuhu.

Mwaka jana Furaha alinialika. Mji siku chache, halafu nyumba ya kukodi mashambani. Nilimwuliza ratiba ya kule mashambani. "Hakuna, Papa," akasema, "tutakuwapo tu." Mama yake alifurahi. Mimi sikulala vizuri.

Siku ya kwanza nilivumilia. Siku ya pili nilizunguka nyumba. Siku ya tatu nilimwona mwenye shamba la jirani akisafisha trekta kuukuu lakini lenye injini nzima, nikavuka kumsalimia, na Kifaransa changu cha sekondari kikanitosha kabisa. Nilirudi na bei. Nilikuwa nimeshapiga hesabu ya kontena, na nimeshajua mtu wa kulipokea Lubumbashi. Wote walikuwa nje kwenye nyasi, wajukuu wakigombania mpira, mkwe wangu amelala na kofia usoni, na kiti kimoja kitupu.

"Furaha," nikamwambia, "yule bwana ana trekta. Nikigeuka na kuondoka, atashusha bei tena."

Hakucheka, wala hakukasirika. Alinitazama, na nikajua kwamba yeye pia anaikumbuka simu ile ya malori. Hatujawahi kuizungumzia mpaka leo.

"Papa," akasema, akikipapasa kile kiti, "kaa."

Nikakaa.