Hatuziki Wanyamwezi Hapa

Mvua ikinyesha Temeke, paa letu hunuka. Makuti yakilowa hutoa harufu ya nazi iliyochacha iliyochanganyika na moshi wa jikoni, na harufu hiyo ikinifika puani tu, taya zinanikaza kwa hasira. Aliyetuezekea paa hilo ni jirani yetu Mzee Pazi, Mzaramo. Mtaniuliza nina ugomvi gani na makuti. Basi sogeeni niwaambie, ila msimfikishie mwalimu wangu. Yeye anadhani mie kazi yangu ni kuchekesha darasa tu.

Nilikuwa na miaka kama saba. Sie ni Wanyamwezi. Baba ni kuli wa bandarini, na babu alipofariki huko Tabora, baba alimleta bibi kwa gari moshi aje kuishi nasi. Bibi hakuupenda mji huu hata siku moja. Maisha yake yote alikuwa mkulima, na hapa alipewa kibaraza cha kukalia. "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," alikuwaga akisema, kisha anatema mate mchangani. "Mie mwaka wa pili huu, jembe lenyewe sijaliona."

Mie nami nilikuwa na yangu. Bombani watoto hawakuniita jina. "Wa kuja, kaa nyuma! Rudini kwenu!" Hata nikidamka wa kwanza, ndoo yangu ilijaa ya mwisho.

Kisha bibi akafa, asubuhi, ameketi palepale kibarazani kama abiria aliyechoka kusubiri gari. Wakubwa walilia. Mie nilishikwa na swali moja tu: atazikwa wapi? Tabora ni mbali, na hapa sie ni wa kuja.

Tulipofika makaburini kesho yake, kaburi lilikuwa limeshachimbwa. Jeneza likawekwa chini. Mara Mzee Pazi, na kanzu yake safi, akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, mikono kifuani.

"Hatuziki Wanyamwezi hapa!" akapiga kelele kutoka shimoni. "Ardhi hii ina wenyewe! Si wapagazi nyie? Haya, mbebeni mpaka Tabora!"

"Toka humo, Mzaramo mvivu we," mjomba akamjibu. "Kazi unayoiweza ni hiyo tu, kulala."

"Nalala kwangu! Kizee hiki kimeutemea mate mchanga wetu miaka miwili, leo kinataka na kulala ndani yake? Leteni kuku kwanza!"

Watu wakacheka. Nikamtazama baba, nikingoja amtoe yule mzee kwa ukosi wa kanzu. Baba naye alikuwa anacheka! Machozi yanamtiririka, kamasi zinamtoka, na anacheka. "Mpeni kuku huyo," akasema, "njaa itamuua bure tuchimbe mara mbili."

Sijapata kumchukia mtu kama nilivyomchukia baba dakika ile. Nikaokota bonge la udongo, nikamrushia Mzee Pazi, likamkaa mdomoni. Halikunitosha. Nikaruka kaburini nikamng'ata sikio.

Kicheko ndiyo kwanza kikapanda. Mzee Pazi akaninyanyua kama gunia, damu inamchuruzika shingoni, akanipandisha juu, naye akatoka. Kisha akasaidia kumteremsha bibi, taratibu, kama mtu anayeshusha kikapu cha mayai, na upole ule ukanikera kuliko matusi. Walipokwisha kumlaza, akachukua jembe refu kunishinda, akaniwekea mikononi.

"Haya, Mnyamwezi. Fukia."

Nikafukia, huku namtukana kimoyomoyo yeye na ukoo wake.

Hakuna aliyenieleza kitu. Nilikuja kung'amua mwenyewe, nimeshaota ndevu mbili tatu, kwamba Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara. Kwamba aliyelichimba kaburi lile tangu alfajiri ni Mzee Pazi mwenyewe, na kwamba mtu asiye na wa kumtukana msibani ndiye mgeni hasa. Lakini msidhani nililainika. Maneno yalikuwa yaleyale ya bombani! Mtoto angejuaje kwamba haya ni ya kutuweka na yale ni ya kutufukuza? Wakubwa wa mji huu wanatuacha tujifunze kwa kung'ata. Kila nilipokutana naye, shikamoo nilimpa kwa meno, naye anaitikia marahaba huku amejishika sikio.

Mwezi uliopita Mzee Pazi akafa. Baba alikuwa kitandani, mgongo umemshinda, bandari hiyo. "Nenda wewe," akaniambia. "Mtani hazikwi bila mtani."

Nikaenda nimefura. Nani kampa ruhusa ya kufa? Nilikuwa nimemwekea akiba ya matusi ya miaka. Nikaruka kaburini, nikalala chali kwenye ubaridi ule.

"Hatuziki Wazaramo hapa! Mrudisheni kwao Kisarawe! Ardhi hii ina wenyewe, bibi yangu huyo kalala pale!"

Sauti ilinikatika kwenye "bibi yangu". Sijui kama walisikia, walicheka tu.

"Toka humo, mpagazi," mwanawe akanifokea, pua imemvimba kwa kilio, "utatubomolea kaburi!"

Kabla sijamjibu, bonge la udongo likanipasukia mdomoni. Juu alisimama mjukuu wa Mzee Pazi, katoto kafupi, macho yamewiva kwa chuki, na mkononi kameshashika bonge la pili.

Nikatema mchanga. Nikapanda, nikakapa jembe.