Paa la Udongo Juu ya Zege

Mimi ni fundi ujenzi, na sioni haya kusema kwamba kazi yangu naijua. Nyumba yangu hapa Singida Mjini nimeijenga mwenyewe. Juu nilimwaga zege la bapa, nikaweka nondo za kutosha kubeba ghorofa siku nikijaliwa. Wapita njia walikuwa wakisimama kuitazama, nami nikijifanya siwaoni. Jambo moja tu sikulifikiria, ingawa kila siku napima miteremko ya viwanja vya watu: maji ya paa lote lile yatakwenda wapi.

Yalikwenda kwa jirani yangu. Ni mjane wa rika la mama yangu, anaishi upande wa chini katika nyumba ya tofali mbichi aliyoachiwa na mume wake. Mvua ikinyesha, zege langu lilitema maji yote kwa mkupuo, yakashuka mbio na kupiga ukuta wa chumba chake. Nilichimba mfereji, lakini mtaa wetu umekaa juu ya mwamba na sululu ilikuwa inadunda tu. Mfereji wenyewe ukawa wa kina kifupi, unajaa na kufurika kabla mvua haijachanganya.

Siku moja nilipita kumsalimu, nikakuta kitanda chake kipo sebuleni, kimebanwa katikati ya viti.

"Shikamoo mama. Kitanda kimehamia huku?"

"Marahaba baba. Ule ukuta umelowa sana. Sitaki uniangukie nimelala."

Alisema kwa upole kabisa, kisha akanikaribisha chai. Afadhali angenitukana. Chai ile niliinywa kwa aibu, kila funda.

Nyumbani nikakaa nikifikiri. Mimi nimezaliwa kwenye tembe, huko Ikungi, nyumba ya paa la bapa lililofunikwa kwa udongo, na masika majani yaliota juu yake mbuzi wakapanda kuyala. Tembe lile nililibomoa mwenyewe nikamwezekea mama bati, na nikajisifu kwa ndugu wote. Sasa nikasema dawa ni ile ile: udongo juu ya paa, uyanywe maji.

Nikatandika nailoni nzito, nikapandisha udongo wa kichuguu kama aliotumia baba, nikaumwagia maji na kuushindilia mpaka ukawa sakafu. Mama, ambaye siku hizi naishi naye, alinitazama kutoka kwenye kigoda chake akacheka. Sikumuuliza anacheka nini. Fundi ni mimi.

Mvua ya kwanza ilipopiga, maji yaliteleza juu ya ule udongo kama yalivyoteleza juu ya zege, na safari hii yalishuka mekundu. Jirani alikuja na kanga kichwani, akasimama mlangoni.

"Baba, zamani ulikuwa unaniletea maji. Sasa umeniongezea na tope."

Alipoondoka, mama akanigeukia. "Tembe tulilishindilia ili likatae maji, tusilowe ndani. Zege lako linavuja?"

"Halivuji."

"Basi wewe unataka maji yakae huko juu, yasimshukie mwenzio. Shambani huwa unashindilia?"

 Kesho yake niliubomoa udongo wote. Nikaanza na tabaka la kokoto, juu yake nikatandaza viroba ili udongo usizibe kokoto, kisha nikajaza udongo laini uliochanganywa na mchanga na samadi ya zamani. Mama akachagua ukoka wa kando ya barabara. Alisema huo kiangazi hujifia na masika hufufuka, hauhitaji kubembelezwa. Pembeni nikaacha bomba jembamba linaloelekea mferejini. Nilikuwa na uhakika, lakini safari hii niliuliza kila hatua.

Mvua kubwa ilikuja mchana. Nilisimama nje nikalowa chapachapa, macho yote kwenye bomba. Kwa muda mrefu halikutoa hata tone. Udongo uliposhiba likaanza kutiririsha kidogo kidogo, na mfereji wangu ule ule wa kina kifupi ukayabeba maji yote mpaka barabarani bila kufurika. Hata mvua ilipokata, bomba liliendelea kudondosha maji taratibu mpaka jioni. Nilicheka peke yangu pale kwenye matope.

Masika yalipokwisha nilikwenda tena kumsalimu jirani. Alinipokea kama kawaida, akaingia jikoni kuinjika chai, wala hakutaja paa. Sebuleni palikuwa na viti tu. Mlango wa chumbani ulikuwa wazi, nikachungulia bila adabu. Kitanda kilikuwa kimesukumwa hadi ukutani, na mto ameuweka upande ule ule uliokuwa ukilowa.